Uwatu kwa mama mwenye kisukari: kiasi gani, saa ngapi, na ile chupa je?

*Swali: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 63, tunaishi Tanga. Ana kisukari aina ya pili, huu ni mwaka wa tisa. Anameza metformin ya miligramu 500 asubuhi na usiku, na glibenclamide ya miligramu 5 asubuhi. Akipima kabla ya kula asubuhi anapata 9 mpaka 11. Jirani amemshauri uwatu wa kulowekwa. Kuna mtu mwingine anamuuzia vidonge vya mitishamba kwenye chupa, na anamwambia akivianza aache vya hospitali kwa sababu "vinamaliza figo". Atumie uwatu? Kiasi gani? Na chupa je? Ramadhani inakaribia na yeye hufunga.*

Marahaba. Uwatu anaweza kuutumia, kwa kipimo, pamoja na vidonge vyake na si badala yake. Chupa asiiguse. Vidonge vya hospitali asiache hata kimoja kwa neno la muuzaji. Ila ndani ya swali lako kuna jambo lenye uzito kuliko uwatu, nalo ni dozi anayomeza mama sasa hivi, kwa hiyo tulianze hilo.

Metformin miligramu 500 mara mbili ni miligramu 1000 kwa siku. Kwa mtu mzima ambaye figo zake ziko sawa, dozi hiyo huweza kupandishwa hadi 2000, kwa kuongeza 500 kila baada ya wiki moja au mbili, na kumeza pamoja na chakula ili tumbo lisichafuke. Maana yake mama bado ana nafasi ya dozi nzima nyingine ambayo haijaguswa, kwa dawa ya bei nafuu inayofahamika vizuri. Kabla ya kupandisha, kliniki itapima kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huitoa, na kukokotoa kasi ya figo kuchuja. Ikiwa chini ya 45, kwa kawaida dozi haizidi 1000. Ikiwa chini ya 30, metformin husimamishwa. Hapa ndipo uvumi wa "kumaliza figo" ulipopata mlango. Kinachoharibu figo ni sukari na presha zilizokaa juu miaka mingi. Daktari akiona figo zimechoka hupunguza metformin ili isirundikane mwilini, na jirani anayetazama kwa mbali anahitimisha kwamba dawa ndiyo iliyozichosha. Kitu ambacho metformin kweli hufanya ikitumika kwa miaka ni kushusha vitamini B12. Mama akilalamika ganzi au miguu kuwaka moto, waulize kliniki kuhusu kipimo hicho.

La pili ni hiyo glibenclamide. Hukaa mwilini muda mrefu na hushusha sukari hata mtu asipokula, na orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba haifai kwa mtu aliyezidi miaka 60. Inayopendekezwa badala yake ni gliclazide. Mama ana miaka 63. Hili peke yake linatosha kumpeleka kliniki kabla hamjaloweka mbegu hata moja, kwa sababu kila mtakachoongeza juu ya glibenclamide, kikishusha sukari kweli, kinaongeza hatari ya kuishusha kupita kiasi.

Sasa uwatu wenyewe. Dukani mtausikia pia ukiitwa methi kwa Wahindi na hulba kwa Waarabu. Ni mbegu ile ile ya manjano, ya pembe pembe, chungu. Karibu nusu ya uzito wake ni nyuzinyuzi, na sehemu kubwa ya nyuzi hizo ikikutana na maji huvimba na kuwa utelezi mzito. Utelezi huo ndio unaofanya kazi: huchelewesha chakula kutoka tumboni na kuizuia sukari ya ugali au wali isimiminike kwenye damu kwa mkupuo. Ndani ya mbegu kuna pia kemikali ambayo katika maabara imeonekana kuichochea kongosho itoe insulini, lakini kwa kiasi tunachokula, tegemeeni zaidi utelezi.

Ukishaelewa hivyo, utajua pia usitarajie nini. Sukari ya asubuhi kabla ya kula, ile 9 mpaka 11 ya mama, kwa sehemu kubwa haitoki kwenye chakula cha jana. Hutengenezwa na ini usiku kucha. Metformin huligusa ini. Uwatu hukaa tumboni na chakula. Kwa hiyo faida ya uwatu itafuteni saa mbili baada ya mlo. Anayeupima kwa namba ya alfajiri peke yake ataukatia tamaa bure, au ataongeza vijiko mpaka tumbo ligome.

Kwa namba: uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha majaribio 10 ulikuta uwatu ulishusha sukari ya kabla ya kula kwa wastani wa karibu 1 mmol/L, na ile ya saa mbili baada ya kula kwa karibu 2.2. Ulionekana kusaidia kuanzia gramu 5 kwa siku, na majaribio mengi yalikuwa madogo na hayakufanywa kwa umakini mkubwa, hivyo zichukulieni namba hizo kama matumaini ya juu. Mama akiwa na 10 asubuhi, uwatu ukifanya kazi vizuri atafika 9. Lengo kwa watu wengi ni 4.4 hadi 7.2. Pengo linalobaki haliwezi kuzibwa na mbegu.

Namna ya kuutumia. Nunueni mbegu nzima, si unga uliokwisha kusagwa, maana unga huchanganywa na vingine na hamtajua. Chambueni mawe na mabua. Kijiko cha chai cha mbegu kilichosawazishwa kwa kisu kina gramu 4 hivi. Cha chakula kina 11 hivi. Wiki ya kwanza apewe kijiko kimoja cha chai kwa siku, wiki ya pili viwili, wiki ya tatu kijiko kimoja cha chakula, na hapo asimame. Akirukia kijiko cha chakula siku ya kwanza atapata gesi na kuharisha, kisha ataapa kwamba uwatu haumpendi.

Mlo wa kuulenga ni wa mchana. Sababu yake ni vidonge: utelezi huo huo unaochelewesha sukari huchelewesha na dawa. Vidonge vyake ni vya asubuhi na usiku, hivyo mchana uko wazi na saa zinatosha huku na huku. Akiwa anameza dawa nyingine mchana, aiweke saa mbili mbali na uwatu.

Saa moja asubuhi mwaga mbegu kwenye kikombe, mimina robo lita ya maji yanayochemka, funika. Kufika saa saba zitakuwa zimevimba na maji yamekuwa mazito. Dakika 10 hadi 15 kabla ya kula anywe maji yote na kutafuna mbegu zote, kisha ashushie na glasi nyingine ya maji. Wengi hunywa maji na kutupa mbegu. Hao wametupa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi. Wengine humeza mbegu kavu kama vidonge, nazo hupita na kutoka nzima. Unga mkavu asiulambe kamwe: huvimba kooni, na kwa mtu wa umri wake anaweza kupaliwa vibaya. Akishindwa na uchungu, kaangeni mbegu kidogo bila mafuta, zisageni, unga mkauchanganye kwenye mtindi usio na sukari au kwenye mchuzi wa maharage ulio tayari.

Maji yawe ya kuchemka kwa sababu maalumu. Mbegu za uwatu hukaushwa na kusafirishwa kama nafaka yoyote, na vumbi la shambani huja nazo. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko mbaya wa bakteria wa kuharisha damu, watu zaidi ya 50 wakafa, na uchunguzi uliufuata hadi kwenye mbegu za uwatu kutoka Misri zilizooteshwa na kuliwa mbichi. Kwa joto la Tanga, kikombe cha maji vuguvugu kilichoachwa mezani tangu jana usiku ni mahali pazuri pa wadudu kuzaliana. Loweka kila siku kiasi cha siku hiyo, na zilizoanza kuchipua zipikwe au zitupwe.

Kosa linaloua kazi yote ni kuficha uchungu kwa asali. Kijiko kimoja cha chakula cha asali kina gramu 17 hivi za sukari. Uji wa uwatu wenye asali na tende tatu ni kitindamlo, hata ukiitwa dawa. Na jambo moja la kuwatoa hofu: jasho na mkojo wake vitaanza kunukia kama sukari iliyoungua. Hiyo ni harufu ya uwatu wenyewe, haina maana kwamba sukari imepanda.

Asiutumie kabisa kama ana mzio wa karanga au dengu, maana ni wa ukoo mmoja wa kunde. Kama anameza warfarin ya kuzuia damu kuganda, asianze bila kliniki kumpima damu. Akiwa na upasuaji mbele, auache wiki mbili kabla. Yeye hahusiki, lakini kwa wengine watakaosoma: mjamzito asitumie kwa vijiko vya dawa, na mwenye kisukari aina ya kwanza asidanganyike hata siku moja kwamba mbegu, jani au mzizi utashika nafasi ya insulini.

Kupima. Bila kupima hamtajua kama uwatu umesaidia au ni ile wiki aliyokula ugali mdogo. Kopo moja la stripi 50 linatosha wiki 12 mkilipanga. Kabla ya kuanza uwatu, chukueni siku tatu. Kila siku apime alfajiri, kabla tu ya chakula cha mchana, na saa mbili tangu aanze kula. Hizo ni stripi 9. Halafu kila wiki achague siku moja apime vivyo hivyo mara tatu; kwa wiki 12 ni stripi 36. Zinabaki 5 za dharura. Siku za kupima, mlo wa mchana uwe ule ule: kama ni ugali, ukubwa ule ule kwa mboga ile ile. Ukibadilisha chakula na uwatu kwa pamoja, hutajua kipi kimefanya kazi.

Kinachotazamwa ni kupanda kutoka kabla ya mlo hadi baada yake. Kama mwanzoni ilikuwa inatoka 9 kwenda 15, imepanda kwa 6. Baada ya wiki nne za kijiko kizima ikipanda kwa 4, mmepata kitu. Msishangilie wala kuhuzunika kwa kipimo kimoja. Mashine nzuri inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 15, yaani 10 ya kweli inaweza kusomeka 8.5 au 11.5. Linganisheni wastani wa wiki tatu nne. Vidole vioshwe kwa sabuni na kukaushwa kabla ya kutoboa. Aliyetoka kumenya embe atapata namba ya embe. Na kopo la stripi lifungwe mara moja, kwani unyevu wa pwani huziharibu haraka.

Pamoja na hayo, apime HbA1c mwanzoni na tena baada ya wiki 12; hicho ndicho kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu. Kama kwenu kuna selimundu, au mama ana upungufu wa damu au ameongezewa damu karibuni, mwambieni wa maabara, kwani kipimo hicho kinaweza kudanganya. Wiki 12 zikiisha na hakuna kilichobadilika, uwatu urudi kwenye achari, nanyi mtakuwa mmejua kwa gharama ndogo.

Mtaulizwa pia kuhusu vingine. Mlonge ni mboga nzuri, ushahidi wake wa kushusha sukari ni mwembamba. Mdalasini kwenye chai hauna tatizo, lakini ule mnene wa aina ya kasia, ukiliwa kwa vijiko kila siku, una kumarini inayoweza kuumiza ini. Karela kama mboga ni sawa. Juisi yake kwa glasi, kwa mtu anayemeza glibenclamide, si sawa. Utomvu wa shubiri huharisha na kupoteza madini ya potasiamu. Kosa kubwa ni kuvianza vyote wiki moja.

Sasa chupa. Sikatai mitishamba, metformin yenyewe ina asili ya mmea wa Ulaya uitwao *Galega officinalis*, ambao kemikali yake iliwafungulia watafiti njia, mpaka daktari Mfaransa Jean Sterne akaanza kuwatibu wagonjwa kwa metformin mwaka 1957. Katikati ya mmea na kidonge palipita miaka ya kupima uzito, sumu na matokeo. Hiyo chupa imeruka hatua zote hizo, na mara nyingi kilichomo si mitishamba tu.

Udanganyifu uliozoeleka duniani ni kusaga dawa ya hospitali ndani ya vidonge vya "asili". Mwaka 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu bidhaa za mitishamba ya Kichina zilizokutwa na glibenclamide pamoja na phenformin, dawa iliyokwisha ondolewa sokoni huko tangu 1977 kwa kusababisha tindikali kali kwenye damu. Mwaka 2008 Singapore, watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka vibaya, na 4 walikufa. Baadhi yao walikiri kutumia vidonge haramu vya nguvu za kiume, na ndani yake mlikuwa na glibenclamide. Mama tayari anameza miligramu 5 za dawa hiyo. Akiongeza chupa yenye kiasi kisichojulikana cha kitu kile kile, sukari itashuka kwa kishindo siku ya pili, muuzaji atasifiwa, na usiku wa tatu mtamkuta hajitambui.

Kwa hiyo dawa ya mitishamba inayoshusha sukari kutoka 11 hadi 5 kwa siku mbili inatia shaka zaidi kuliko isiyoshusha. Dalili nyingine ni lebo isiyotaja kila kilichomo kwa uzito, kukosa namba ya toleo na tarehe, ahadi ya kuponya kabisa, na lile agizo la kuacha dawa zote. Tanzania, dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala; mwombeni muuzaji namba ya usajili wa bidhaa yenyewe, si picha ya cheti ukutani, mkaihakiki kwa Baraza. Kama mama ameshaanza kumeza, msiitupe chupa. Ipelekeni kliniki, na akizidiwa iende naye hospitali. Mwulizeni pia kama anatumia unga wowote wa mitishamba wa maumivu ya magoti: baadhi hukutwa na steroidi, nazo hupandisha sukari bila mtu kuelewa imetoka wapi.

Sukari ikishuka. Nyumba nzima ijue dalili: jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kusema maneno yasiyoeleweka au ukali usio wa kawaida yake. Chini ya 3.9 imeshuka. Koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji anywe, au soda ya kawaida mililita 150, si ile isiyo na sukari. Subirini dakika 15, pimeni, rudieni kama bado iko chini, kisha ale chakula. Asiyejitambua asimiminiwe kitu mdomoni. Mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali. Na kwa anayetumia glibenclamide, hata akizinduka vizuri apelekwe tu, kwa sababu dawa ile bado imo na sukari huweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Upande wa pili, ikikaa juu ya 15 huku anatapika, anahema haraka au anasinzia, nayo ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Ramadhani. Nendeni kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, mkiwa na daftari la vipimo. Ombeni mambo matatu: figo zipimwe, glibenclamide ijadiliwe kubadilishwa, na metformin ipangwe upya kwa futari na daku. Akiwa bado yuko kwenye glibenclamide, asiihamishie dozi ya asubuhi kwenye daku kwa uamuzi wake. Hapo itafanya kazi mchana kutwa juu ya tumbo tupu. Uwatu, kama umeonyesha faida, uwe saa tano usiku pamoja na chakula cha baada ya tarawehe, mbali na vidonge. Akiula uwatu wakati wa daku, atapata kiu na gesi siku nzima. Futari aanze kwa tende moja na maji, si uji wa sukari. Kujitoboa kidole hakufunguzi, apime mchana na alasiri. Ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6 afungue saa hiyo hiyo, hata kama magharibi imebaki robo saa.